Nilimpekua Mama Mkwe kwa Sababu ya Gari Linalogoma Kuwaka

Nimekosa, tena nimekosa vibaya. Nakwambia mapema ili usije ukaanza kunihurumia. Jina langu niachie mwenyewe, ila mtaa ni Nyakato, Musoma, na wanaonijua watanijua tu.

Nina gari dogo la zamani, nililinunua likiwa tayari limechoka. Lilinitumikia vizuri, kisha likaanza ugonjwa wa asubuhi. Unazungusha ufunguo, linalia mpaka betri inataka kufa, ndipo linashtuka na kuwaka. Likishawaka halina neno siku nzima. Likilala, kesho yake ni vita upya.

Na mimi ni mjuaji! Nilibadilisha betri. Nikabadilisha plagi. Fundi aliniambia nimwachie alikague, nikamjibu hilo gari nalijua kuliko yeye. Baadaye nikaona mshale wa mafuta unashuka wakati gari limelala tu. Basi nikapata jibu langu: kuna mtu ananyonya petroli, ndiyo maana haliwaki.

Mtu gani? Chumba cha uani, pale pale gari linapolala, alikuwa anakaa mama mkwe wangu.

Alikuwa ametoka kwake Butiama kutibiwa presha ya macho. Hospitali walimpa dawa ya matone na siku ya kufanyiwa upasuaji, kuokoa uoni kidogo uliobaki. Mke wangu ndiye aliyeniomba nimpokee.

Sasa ujue, kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Tukikutana uani yeye anageuza uso, mimi naangalia chini. Akiwa na neno anampa binti yake, binti yake ananiletea mimi. Na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakikanyagi. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Wiki ile mke wangu alikuwa kisiwani Rukuba kununua dagaa. Asubuhi nina safari ya Bunda, gari likagoma, mshale uko chini. Nikachemka! Nikaenda moja kwa moja nikausukuma ule mlango.

Chini ya kitanda nikakuta kopo na chupa ya petroli.

Ee Mungu wangu, laiti ningetoka kimya! Nilimvuta nje akiwa na khanga tu. Nikaumwaga mfuko wake vumbini, magauni, rozari, mpaka nguo za ndani, majirani wanaangalia. Nikaishika mikono yake nikainusa. Mikono ya mama mkwe! Ilinuka petroli.

"Unawauziaga bodaboda, sivyo?" nilipiga kelele.

Alimgeukia jirani yetu anayeuza maandazi.

"Mwambie huyo baba, gari yake inatoaga matone ikilala. Nimekinga yasipotee bure. Nilikuwa nangoja binti yangu arudi nimpe neno."

"Macho hayaoni hata sufuria, yameona matone gizani?" nikamkejeli.

"Mwambie sijaona," alisema kwa jirani. "Nimesikia."

Nilicheka. Tena wapo waliocheka na mimi, usifikiri nilikuwa peke yangu. Nikaita bodaboda impeleke stendi apande gari la Butiama. Aliondoka anapapasa mfuko wake kama umefungwa sawasawa. Dawa yake ya matone ilibaki dirishani.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Jioni ile ile fundi alikuja, maana gari lilikuwa bado limegoma. Akalala chini yake, wala hakukaa sana.

"Mkubwa, mpira wa mafuta umepasuka huku nyuma. Gari ikilala petroli inadondokaga, hewa inaingia. Asubuhi lazima ikusumbue. Na hapa kuna mtu alikuwa anakinga, ona alama ya kopo."

Nilijua! Unanielewa? Nilijua siku ile ile. Butiama si mbali, gari lilishapona, siku ya upasuaji ilikuwa bado. Ningemfuata tu. Lakini nianzie wapi kumwomba radhi mama mkwe niliyemnusa mikono? Aibu ikanifunga miguu.

Mke wangu aliporudi nilimwambia mama amepakumbuka kwake, kaomba aende, na dawa kabeba. Ile dawa nilikuwa nimeshaitupa chooni. Alipompigia simu, mama naye akasema amechoka na hospitali. Mama wa watu! Alikuwa ananifichia mimi, ndoa ya binti yake isivunjike.

Ukweli mke wangu aliupata kwa yule muuza maandazi, siku ya upasuaji ikiwa imepita zamani. Alikwenda Butiama mbio, akamkuta mama yake anatembea kwa kushika ukuta. Akamrudisha hospitali. Daktari akasema presha imeshamaliza macho yote mawili, hakuna cha kupasua tena.

Mke wangu hajarudi kwangu. Anamwongoza mama yake.

Nilikwenda na kaka yangu, tukiwa na mbuzi, maana wazee wetu ndivyo wanavyofuta kosa kama hilo. Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya pazia. Kila neno nililisikia, lakini alimpa binti yake aniletee, kama siku zote.

"Mwambie mkwe wangu nashukuru amekuja. Mwambie arudi na mbuzi wake. Nitampokeaje mbuzi, na hata rangi yake siijui?"

Mke wangu akatoka nje, akarudia neno kwa neno, ananitazama usoni. Hakulia. Ningefurahi angenipiga.

Gari sasa linawaka ukigusa ufunguo tu. Nalichukia! Kila asubuhi linawaka mara moja, na mle ndani niko peke yangu.

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, likigoma asubuhi lala chini yake uangalie, acha kutafuta mwizi nyumbani kwako. Na ukishajua umemkosea mtu, mfuate saa hiyo hiyo, na aibu yako hivyo hivyo. Mimi nilisubiri aibu ipungue kwanza. Haijapungua mpaka leo, na yule mama haoni.