Mistari ya Ukurasa wa Mbele

Mwanangu, ipo jioni moja ya miaka ya tisini, pale mtaani Kaloleni, Nairobi, ambayo mpaka leo hainitoki akilini. Nilikuwa nimerudi kutoka Bungoma kumzika mume wangu, Wafula. Binti yetu, Nekesa, alikuwa shule ya bweni. Nilikaa kwenye kiti bila kuvua koti, nikisikiliza redio ya jirani ikisema mambo yasiyonihusu. Nikajiambia: basi, pole zimekwisha, sasa hakuna atakayekuja.

Kabla sijainuka kuwasha taa, Mama Mutheu wa nyumba ya pili aliingia na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Alikula nami, akaosha vyombo, akaenda. Kesho yake akaja Mama Atieno, na baada yake wengine. Nadhani bila wao ningepotelea mle ndani.

Nilitaka kuwashukuru mbele ya watu. Wakati huo vijana wa mtaa walitoa jarida dogo pale ukumbini. Ukurasa wa mbele ulibeba mwanzo tu wa kila habari. Habari nzima ilikuwa kurasa za ndani, na jarida lenyewe ulilipata ukumbini. Ukurasa huo ndio uliobandikwa kwenye ubao nje ya ukumbi, na ndio peke yake uliotumwa kwa posta kwa watu wa mashambani waliojiandikisha. Mhariri alikuwa kijana mchangamfu aitwaye Kioko. Nikampa makala yangu, nikaenda zangu.

Nilikuwa nimeanza kwa ule upweke wa jioni ya kwanza, ili watu waelewe majirani walinitoa wapi. Kioko alikata pale nafasi ilipoishia. Kwenye ubao yakabaki maneno haya: "Tangu nimzike mume wangu, nyumba imekuwa kubwa. Nilikaa gizani nikajiambia kwamba majirani wa Kaloleni huja msibani tu, na baada ya hapo hakuna anayekukumbuka." Chini yake: endelea ndani.

Mimi sikupita ukumbini siku zile, kwa hiyo sikujua. Niliona tu kwamba hodi zimekoma. Nikifika kwenye bomba la maji, mazungumzo yanakatika. Mama Mutheu alikuja kuchukua sufuria yake, akasimama nje, akaipokea kwa mkono mmoja. Nilidhani wamenichoka, mwanangu. Mjane huchosha watu, nikasema, na nikaona haya kuuliza. Nikirudi kutoka kazini nilikuwa nalala mapema ili jioni iishe.

Kisha mdogo wangu, Naliaka, akatokea mlangoni na mkoba wake, ametoka Bungoma bila kutuma habari.

"Dada, funga vitu twende nyumbani," alisema. "Kama watu wa huku wamekutupa, sisi tupo."

"Nani amekwambia wamenitupa?"

Akatoa ule ukurasa wa mbele, uliomfikia kwa posta. Nikausoma nimesimama pale mlangoni.

Tulikwenda kwa Kioko. Alikuna kichwa. "Pole mama. Kila stori huwa naipea mistari mitano, halafu nakata. Sikuangalia imekatikia wapi." Hakuwa na ubaya, na sikuwa na la kumfanya. Akanipa jarida zima.

Nilimpelekea Mama Mutheu. Alisoma taratibu mpaka alipofika kwenye jina lake na muthokoi yake. Akakaa chini.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Ndani."

"Sisi tulisoma pale nje, Mama Nekesa, tukitoka kazini. Nani angeingia kutafuta matusi zaidi?" Kisha akaniangalia. "Lakini na wewe. Umetuona tumenuna, ukajifungia. Ungekuja uniulize. Ningekufokea, halafu tungeelewana."

Jioni ile alikuja, na wengine wakarudi mmoja mmoja. Naliaka akaenda zake Bungoma peke yake. Lakini Mama Atieno alikuwa amekwisha kuhamia mtaa wa Kware. Niliuliza huko, nikaenda mara kadhaa, sikumpata. Huenda mpaka leo anaamini nilimdharau, yeye aliyekuja kukaa nami wakati siwezi hata kuongea. Huwa namfikiria mvua ikinyesha.

Nakwambia haya kwa sababu jana ulinionyesha blogu yako. Ulisema ukurasa wa mbele wenyewe huchukua maneno ya kwanza, na waliojiandikisha hupata hayo hayo kwa barua pepe. Usiuachie mtambo kazi hiyo. Mtambo hukata kama Kioko, bila kusoma. Weka wewe alama ya mahali habari isimamie, au andika muhtasari kwa mkono wako, wenye kiini cha unalosema. Barua pepe nayo iangalie kabla haijatoka. Kama jambo ni zito, tuma lote, maana wengi hawatafungua lililobaki. Jiulize: mtu akiishia hapa, atakuwa amenielewa? Na ukiona rafiki amekunyamazia ghafla, mwendee umuulize angali karibu.

Mungu aibariki kazi yako, mwanangu. Akupe maneno ya kweli na akili ya kuyapanga, akulinde uendako, na akuzungushie watu wanaokupenda mpaka uzeeni.