Chokoleti ya Moto na Kijiko cha Supu

Sogea hapa karibu na jiko, maana chokoleti ya moto haifundishwi kwa mbali. Vuta kigoda ukae. Mimi nitasimama. Tangu siku ile mama mkwe alipokataa chakula hapa kwangu, sijaweza tena kuipika nikiwa nimekaa.

Tuanze na kijiko. Kiwe kikavu kabisa. Ukichota kakao kwa kijiko chenye unyevunyevu, unga unashikana humo humo, na ukiutia kwenye maziwa unakupa madonge ambayo hata ukoroge mpaka bega liume hayayeyuki. Chota vijiko viwili vilivyojaa, sukari viwili, na chumvi kidogo tu, ile inayoshikwa na ncha za vidole. Changanya vikiwa vikavu. Halafu tia maji ya moto kidogo kidogo, ukisugua mpaka upate uji mzito unaong'aa. Usiogope ukiona mweusi kama lami ya barabara ya kwenda geti la hifadhi. Ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Nilijifunza haya kabla sijaolewa, nikiwa jikoni kwenye kambi moja ya watalii juu ukingoni mwa kreta. Kule ukungu unaingia mpaka chumbani. Wageni walirudi jioni wakitetemeka, na mpishi mkuu aliamini kwamba mgeni aliyepewa chokoleti nzito hasemi neno baya juu ya chakula cha usiku. Nikashika ufundi, nikaja nao Rhotia, na watoto wangu wamekua wakijua kwamba mwezi wa saba ni mwezi wa chokoleti.

Kwa hiyo mama mkwe alipoletwa kutoka Endulen, nilijiona nimejiandaa. Alikuwa ametoka kuugua homa ya mapafu. Hospitali walimruhusu, lakini wakataka akae karibu na zahanati, ndiyo maana akaja kwetu. Alipewa vidonge vikubwa, na nesi aliniambia mara mbili: asivimeze tumbo likiwa tupu. Asipokula mpaka kesho jioni, mrudishe tumtundikie dripu.

Mama mkwe alilisikia neno dripu. Tulipofika nyumbani, akiwa amejifunika blanketi lake jekundu mpaka kidevuni, alisema, "Mwanangu, kule sirudi. Kule mtu anahesabu mbao za dari mpaka zinamjua."

"Hutarudi, yeyo," nikamjibu. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na ndivyo nimwitavyo tangu aliponipokea. "Utakula hapa, utapona hapa."

Mume wangu alikuwa Serengeti na wageni, ni dereva wa watalii, na simu yake haikupatikana. Nikawa peke yangu na ahadi yangu.

Nilichemsha supu ya mifupa ya mbuzi, nikaiacha motoni mpaka uboho ukatoka wenyewe. Pembeni nikapika chokoleti yangu. Nilitaka mgonjwa achague mwenyewe, asikose la kupenda, kwa hiyo nikaviweka vyote kwenye sinia moja: bakuli la supu huku, kikombe huku. Mbele yake nikachota supu kwa kijiko nionje kama chumvi imekolea, nikaona imekolea, kisha kwa hicho hicho nikakoroga chokoleti ili utando usishike juu.

Akaliangalia sinia. Akaniangalia mimi. "Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini, yeyo? Tangu asubuhi umekunywa chai ya rangi tu."

"Nimeshiba hiyo hiyo."

Jioni nikaleta sinia tena, supu imeongezwa viazi, chokoleti imeongezwa maziwa. Akageukia ukutani taratibu, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka usikike. Vidonge vikabaki kwenye bahasha yake ndogo.

Tangu hapo sikutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nilikwenda bandani kumtazama ng'ombe, nikarudi, nikasahau nilichofuata, nikaenda tena. Nilimpigia mume wangu, nikakuta sauti ile ile ya yule dada asiyechoka kukuambia ujaribu baadaye. Kila nilipopita mlangoni kwa mgonjwa nilisimama kusikiliza pumzi. Nikawaza: hapendi mkono wangu. Miaka yote hii, kumbe hapendi mkono wangu.

Kulipopambazuka nikampigia wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeko Endulen. Nikamweleza. Nikasikia anacheka chini chini.

"Wifi, ulitumia vijiko vingapi?"

"Vijiko? Kimoja. Kwa nini?"

"Mmbulu wewe. Nani alikutolea mahari? Tudai ng'ombe wetu."

"Wifi, mama yako hajala, na wewe unanitania kabila langu."

"Nakutania kwa sababu hajafa. Sikiliza. Mama aliazima simu ya jirani yako aliyekuja kumjulia hali jana, akanipigia. Amesema umetoa kijiko kwenye nyama ukakitia kwenye maziwa. Kwetu siku ya nyama ni ya nyama, na siku ya maziwa ni ya maziwa. Ukivichanganya, anayedhurika ni ng'ombe aliyekamuliwa. Kiwele kinavimba, maziwa yanakauka."

"Lakini kaka yako anakula nyama choma pale Karatu mjini, anashushia na chai ya maziwa."

"Kaka yangu akiwa mjini ana tumbo la mjini. Mama hana mjini." Akaacha kucheka. "Halafu wifi, hebu fikiri. Maziwa hayo ni ya ng'ombe gani?"

Nikaketi chini palepale kwenye kizingiti.

Ng'ombe wetu ni mmoja tu, mwekundu mwenye paji jeupe. Mama mkwe mwenyewe alinipa mama wa ng'ombe huyu, akiwa bado mtamba asiyezaa, nilipojifungua mtoto wa kwanza. Alimleta kwa miguu yeye na shemeji zangu mpaka getini, na kutoka hapo kwa gari. Yaani mwanamke yule alikuwa amelala na njaa, akiwa na tishio la dripu mbele yake, ili asimdhuru ng'ombe wangu. Wala hakutaka kuniambia, nisije nikaona aibu nyumbani kwangu.

Nesi alikuwa ametoa muda mpaka jioni ya siku hiyo. Nikainuka.

Supu yote nikawapa majirani, na sufuria yake nikaitoa nje. Nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikaenda kukamua. Ukutani sebuleni kilikuwepo kibuyu cha maziwa chenye shanga, alichonipa mama mkwe siku ya harusi. Kwa aibu naeleza: wageni walikisifia, nami nilikuwa nimekigeuza pambo. Nikakishusha. Nilijua kinatakiwa kusafishwa kwa moshi wa mti wa oloirien, ule mzeituni wa porini, na kijiti chake kilikuwa kimefungwa pamoja nacho. Nikakiwasha, nikakitumbukiza kibuyuni, nikafunika kwa kiganja. Moshi ukanitoka katikati ya vidole, ukaniingia machoni. Nikakohoa.

"Unakitengeneza kibuyu au unakichoma?"

Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Tangu aje hakuwa amefika hata sebuleni.

"Yeyo, rudi ulale, kuna baridi."

"Nilale wakati unachoma kibuyu? Lete."

Akakaa kwenye kigoda, hicho ulichokalia. Akakisugua kibuyu kwa ndani kwa ncha ya kijiti chenye moto, akikizungusha kama mtu anayebembeleza mtoto. Akapumzika, pumzi ikirudi kwa shida, akaendelea. Akakung'uta majivu, akafuta, akanusa, akanipa ninuse. Tukamimina maziwa ya asubuhi ile, tukayaacha kidogo yashike harufu, ndipo nikayatia kwenye sufuria mpya.

Moto uwe mdogo. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, nami siku ile nilikuwa wa kwanza kushindwa, maana mkono ulitaka kuongeza moto na moyo ulikuwa umeshafika jioni. Maziwa yakianza kutoa mvuke bila kuchemka, tia ule uji wako wa kakao. Kama una kipande cha chokoleti nyeusi, kivunje ukitie kiyeyuke. Nyoosha mkono, koroga mpaka chini, na usiondoke. Uzito wake unatokana na kusubiri tu. Utajua imeiva ukichovya kijiko na ukapitisha kidole mgongoni mwake, mstari ukabaki.

Nilipochukua upekecho ili nipate povu, mama mkwe akainua mkono. "Huo umegusa nyama?"

"Haujawahi. Napekechea mlenda tu."

Akafikiri. "Mlenda ni majani. Ng'ombe anakula majani. Endelea."

Nikapekecha kati ya viganja. Nikamwekea kikombe mkononi, nikasimama. Akanusa kwanza, akaupata ule moshi, macho yakatulia. Akanywa kidogo. Akalamba mdomo wa juu.

"Hii ni dawa au ni uji wa wazungu?"

"Ni maziwa, yeyo. Na kakao."

"Mzito. Unamkaa mtu." Akanywa tena, mara hii kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda dirishani, nikarudi, nikapanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa.

"Kaa chini, mwanangu. Unanizungusha kichwa."

Sikuweza. Alimaliza kikombe, akataka nusu nyingine, kisha akanyoosha kiganja. Sikuelewa anataka nini.

"Vidonge," akasema. "Au nesi amebadili mawazo?"

Akavimeza. Nikangoja kuona kama vitarudi. Havikurudi. Akavuta blanketi, akageuzia uso wake dirishani, upande wa banda.

"Kiwele kizima?"

"Kizima, yeyo. Nimekipapasa asubuhi."

"Kipapase na jioni."

Nilikipapasa jioni, na kesho yake, na nakipapasa mpaka leo, hata sasa ambapo yeye amesharudi Endulen na ananitumia salamu kwa kila gari linaloshuka. Nikisimama hapa jikoni bado miguu inataka kwenda bandani.

Basi chukua kijiko kimoja, kioshe, kikaushe, kitundike peke yake pembeni mwa jiko. Kiwe cha maziwa tu, na ukitaka kupika chokoleti, anza nacho.