Fundi Umeme na Bomba la Nyaya Nene

Fundi umeme hakati bomba la kupitishia nyaya kabla ya kukusanya nyaya nene kiganjani, pamoja na ule waya mwembamba wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kuzichomeka ndani yake, kisha kuchungulia kwa jicho moja kutafuta upenyo. Asipouona, hulitupa bomba huku anacheka. Mama mwenye mashine ya kusaga, aliyekwisha kuchimba ukutani mfereji wa kutosha bomba jembamba, alipoona bomba hilo limetupwa akawaka: "Sukuma tu! Au huo waya mwembamba utoe."

"Mama, huo ndio mlinzi wako, hautoki. Na nyaya zikibanana zinapata moto. Kwani wewe unaenea kwenye gauni la mjukuu wako?"

Mama akabetua midomo, akashika patasi, akaupanua mfereji mwenyewe. Bomba nene likakaa. Fundi akavuta, nyaya zikateleza kama kambale, naye akapiga vigelegele, mwanamume mzima! Mashine iliponguruma, mama akaitikia kwa vyake, akamshinda.