Nilimbadilishia Mama Vidonge, Lawama Ikaenda kwa Damu Yake

Nimekosa, na aliyeumia ni mama yangu mzazi. Naomba unisikilize mpaka mwisho, hata kama utanichukia.

Sisi ni wakulima wa kakao huku Makwale. Baba alipofariki, mama alizima. Hakula, hakutoka kitandani, akawa anasema Mungu amchukue tu.

Nikampeleka hospitali. Daktari akasema ni sonona, akamtoa damu. Alitueleza kwamba watafiti bado wanachunguza, ila kuna vitu ndani ya damu ambavyo huenda vikaonyesha mapema mgonjwa yupi atasaidiwa na dawa ipi.

Majibu yalipotoka alimwambia, "Mama, si hakika, lakini kwa damu yako nina matumaini dawa hii itakufaa. Uimeze kila siku. Inachukua wiki kadhaa."

Mama akatabasamu. Tangu msiba sikuwa nimeyaona meno yake.

Siku tatu za mwanzo dawa ilimpa kichefuchefu na usingizi. Nikaogopa. Nilishamwona jirani yetu mmoja, mgonjwa wa akili, anashinda ameinama mate yakimtoka, na watu wakasema ni hizo dawa. Badala ya kurudi kuuliza, nikavimwaga vidonge chooni, nikajaza vya vitamini kwenye kopo lilelile. Mama hajui kusoma. Kila jioni alipokea kidonge kwa mikono miwili. "Ndaga, mwanangu," ananishukuru kwa Kinyakyusa. Nami naitikia!

Tuliporudi kliniki, daktari aliniuliza, "Anameza?"

"Kila siku, daktari."

Wiki ya nane mama hakuwa na nafuu, daktari akabaki ameshangaa. "Sielewi. Damu yake ilionyesha ingemfaa."

Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo palepale, nikatazama sakafu. Kwenye bajaji mama akaniambia taratibu, "Hata damu yangu imewadanganya. Basi mimi sina dawa."

Tangu hapo hataki hospitali. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikapiga magoti nikamwambia yote.

Akanipapasa kichwa. "Unatunga ili nirudi kule. Nakujua, una huruma."

Hakuniamini. Mpaka leo haniamini.

Nilienda kwa daktari peke yangu, nikaungama. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alisema nimlete tuanze upya, nisimwache peke yake, na sumu ya kupulizia kakao niitoe nyumbani. Nimeitoa. Shamba nimeliacha, nashinda naye chumbani. Kesho daktari ameahidi kuja mwenyewe kuzungumza naye, na sijui kama mama atamgeukia.

Wewe uliyekabidhiwa dawa za mgonjwa, ukiziogopa, rudi ukaseme wazi kwamba unaogopa. Usiamue peke yako nyumbani. Mimi niliona aibu kuuliza swali moja, na sasa namsihi mama anywe angalau uji, naye ameelekea ukutani.