Wote Waliisifu Ramani Yangu

Mwaka ule nilikuwa najiona fundi. Ofisi yetu ilitengeneza tovuti ya kupanga safari: unaandika utokako na uendako, nayo inakuonyesha njia, foleni na saa ya kufika. Ukurasa wa njia niliutengeneza mimi, nikatumwa Visiga kuujaribu kwa watu watakaoutumia. Utaratibu ni mwepesi kuusema: unampa mtu simu, unamwambia atafute njia, kisha unafunga mdomo na kuandika anapokwama. Kwangu mimi kufunga mdomo ni adhabu.

Watu wanne wa kwanza walinikaribisha mihogo ya kuchemsha na kunisifu. "Nzuri sana, hongera," walisema wote. Hakuna aliyekwama, au ndivyo nilivyoandika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia bosi.

Wa tano alikuwa mama mmoja mkulima, wa makamo ya mama yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea chai. Safari niliyompa aitafute ilikuwa yake kweli: kesho yake alikuwa anawaongoza wazee wa ukoo kupeleka posa ya mwanawe wa kiume kijijini Msimbu, upande wa Kisarawe, na walitakiwa wafike kabla ya adhuhuri. Binti mwenyewe alikuwa na mposaji mwingine, alinieleza, na upande wa binti walikuwa wanatafuta kisingizio tu cha kuwakataa.

Akaandika Visiga, akaandika Msimbu. Ukurasa ukamtolea njia ya mkato, mwendo wa saa moja na nusu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri mno, mwanangu. Tutapita hiyo hiyo."

Nikaandika: amefaulu. Akaomba udhuru, akaenda uani. Dirisha lilikuwa wazi, na masikio yangu hayajawahi kuwa na adabu. Alikuwa anampigia simu wifi yake wa Msimbu. Wakasalimiana mpaka kuku wakaulizwa hali, ndipo akateremsha sauti.

"Wifi, kuna kijana hapa ananielekeza njia ya mkato. Si ndiyo ile kalavati lake lilichukuliwa na mvua? Eeh, nilijua. Basi tutazungukia Mbezi, tutokee Pugu. Usimwambie mtu, mgeni wangu asije akaona aibu."

Aibu niliiona, tena nzima nzima. Nikawakumbuka wale wanne na mihogo yao, nikajua kwamba daftari langu lote lilikuwa limejaa ukarimu.

Aliporudi nilimwambia nimesikia kila kitu, nikamwomba anikosoe. Akacheka hadi akashika mlango.

"Nikukosoe umekaa kwangu, na chai hujaimaliza? Nimelelewa wapi mimi?"

Nikambembeleza, nikamwambia ndiyo kazi yenyewe. Akaniongezea sukari tu. Nikamwachia namba yangu, nikaondoka na lile neno "amefaulu" nimelikata kwa mistari miwili.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, simu ikaita. Nilimsikia kwa shida kwa sababu ya vigelegele.

"Tumefika mapema, mwanangu! Posa imepokelewa!"

"Hongera sana, mama!" Nilifurahi kama anayeoa ni ndugu yangu wa damu.

"Ahsante. Kalamu unayo hapo?"

"Ninayo, mama. Ya nini?"

"Leo hupo nyumbani kwangu," akasema. "Haya, andika."