Ngome, Kikosi na Jenerali wa Kushindwa

Sisi tuliokulia Kisangani wakati kompyuta bado inafunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga, tuna ugonjwa wetu mmoja. Tukikutana wawili, hata msibani, lazima mmoja aulize: wewe ulikuwa mtu wa Ngome au mtu wa Kikosi? Hayo si majina yaliyoandikwa kwenye sidii za michezo yenyewe. Majina yenyewe yalikuwa ya Kizungu kirefu na hakuna aliyejali kuyasoma. Mdogo wa papa yangu alirudi kutoka safari ya biashara na sidii zile ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na viatu na mikoba ya kuuza, na sisi watoto wa mtaa wa Kabondo tukazibatiza upya.

Yote miwili ilikuwa michezo ya zamu, ya wafalme, wachawi na majoka yenye mabawa. Hakuna kukimbizana. Unasogeza jeshi lako, unasema nimemaliza, unampisha mwenzako. Katika Ngome unajenga mji wenye minara, unakusanya mbao na dhahabu, na kila juma likianza askari wapya wanachipuka kambini kama uyoga. Hawana majina. Wakifa wote, Jumatatu unapata wengine. Katika Kikosi unapewa watu wachache tu, kila mmoja na jina lake, sura yake na maneno yake ya utani, na akifa amekufa. Harudi hata ulie. Tena adui wa Kikosi si mwenzako, ni mashine yenyewe, na mashine haina huruma.

Mimi nilikuwa mtu wa Ngome, na kwa kelele. Nilikuwa na hoja zangu na bado ninazo. Ngome ya kwanza ilikuwa na ramani finyu, ya pili ndiyo mama yao, ya tatu waliiharibu kwa kuipaka rangi nyingi na kuwanenepesha majoka. Kikosi nilikiita mchezo wa mazishi. Nilikuwa nikikicheza kidogo tu, mpiga mishale wangu anauawa, nasonya, natoa sidii. Nani anataka kukaa kwenye joto lile azike watu?

Maana joto lilikuwepo. Papa Salumu, baba yangu, alikuwa na sekretaria karibu na soko, chumba kimoja cha kupiga barua na kutoa fotokopi. Mchana kompyuta ilikuwa ya wateja: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mashairi ya wanafunzi waliopenda vibaya. Saa za kazi zikiisha ilikuwa yetu. Tuliivua kifuniko cha pembeni na kuipepea kwa kipande cha katoni isije ikazimika. Chumba kilinuka wino na petroli ya jenereta iliyokuwa ikiguruma uani. Nje, vijana wa toleka walipita na baiskeli zao zilizobeba abiria, wakipiga kengele, na mama mmoja alikaanga mikate mbele ya mlango wetu makusudi, kwa sababu alijua mtoto anayengoja zamu yake ana njaa.

Na tulijua kungoja! Watoto wa leo wanapapasa kioo cha simu kama mtu anayetafuta upele, wakikosa kitu kwa nusu dakika wanasema mtandao umekufa. Sisi zamu ya mwenzako ilikuwa nafasi ya kuchota maji, kumsindikiza shangazi na kurudi, na bado unamkuta anafikiri. Tulikuwa na sheria moja tuliyoiheshimu kuliko amri za shule. Zamu ikiwa si yako, unageuka na kuutazama ukuta, ili usione mwenzako anapeleka wapi jeshi lake. Pale ukutani palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya meli ya mtoni, na nadhani naijua meli ile kuliko nahodha wake.

Tulikuwa watatu. Mimi Zaina, binamu yangu Feruzi ambaye siku hizi yuko Kindu, na Trésor. Huyu alikuwa mtoto wa mwendesha toleka aliyetoka Yahuma, mpole, mwembamba, msemaji wa maneno machache. Alicheza polepole mno. Alifikiri mpaka mikate ikapoa, halafu akafanya jambo la kijinga: anajenga mnara usio na kazi, au analipeleka jeshi lake zima porini wakati vita viko kwingine. Nilimshinda yeye, nilimshinda Feruzi, niliwashinda wakiwa pamoja. Sikumbuki siku hata moja niliyopoteza ngome yangu.

Papa alikuwa akichungulia mlangoni na kusema neno lake lile lile. "Zaina akimaliza, masini inalala. Esanse haitoki mbinguni." Hakuwa mchoyo. Petroli ilikuwa ghali, na alikuwa akiichoma kwa ajili ya binti yake, si kwa ajili ya mtaa. Sisi tulisikia maneno yale kama tunavyosikia jogoo. Angalau mimi nilisikia hivyo.

Ni mimi niliyempa Trésor jina la Jenerali wa Kushindwa. Lilikuwa tamu mdomoni, likaenea. Vijana wa toleka walilichukua wakawa wanampigia saluti akipita. Hata baba yake aliulizwa kituoni, Jenerali wako leo ameshindwa na nani? Trésor alitabasamu tu na kukaa kwenye benchi kungoja zamu. Nami nilimwona kama mtu asiye na wivu, nikampenda kwa hilo, kama tajiri anavyompenda maskini asiyemsumbua.

Sasa hivi mimi ni mwalimu, mke wa mtu na mama wa watoto. Lakini ushindi ule nilitembea nao kama kitambulisho. Mkurugenzi wa shule akinidharau, najiambia, huyu hajui nimekuwa nikiwapiga wavulana tangu utoto. Mume wangu ameisikia hadithi hiyo mpaka anaimalizia mwenyewe. Na binti yangu mkubwa, Mwamini, nimemlea nayo kama dawa ya minyoo. Juzijuzi alishindwa katika mashindano ya hesabu ya shule, akarudi nyumbani akilia. Sikumkumbatia. Nilimwambia kwamba katika umri wake mimi sikujua kushindwa kunafananaje, afute machozi akasome. Akaenda chumbani.

Jumapili iliyofuata Trésor alikuja kututembelea. Yuko Barumbu siku hizi, ana pirogi zake, mitumbwi ya kuvulia, na anauza samaki. Alipanda boti mpaka mjini kwa shughuli zake, akafika kwangu na samaki wa moshi waliofungwa kwenye majani, amenenepa kidogo, sauti ile ile ya chini. Nikapika lituma, zile ndizi za kutwanga ambazo mtu wa huku asipozila anasema hajala, na pondu ya majani ya muhogo, na samaki wake mwenyewe. Tulipokaa mezani nikaanza, kama kawaida yangu. Nikamtambulisha kwa watoto: huyu ndiye Jenerali wa Kushindwa, mtu wa Kikosi, aliyepigwa na mama yenu mpaka akakimbilia Barumbu. Mume wangu akacheka. Trésor akacheka pia.

Kisha nikafanya kosa la mtu aliyelewa sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nikijisifia mwenyewe. Nikamwambia Trésor amweleze Mwamini, kwa mdomo wake, ilikuwaje mtu ashindwe na msichana mmoja miaka yote ile.

Trésor alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akiwa na tonge mkononi. Nadhani alifikiri namtania. Akasema, "Zaina, bon, lakini weye ulijua. Papa alisema ukimaliza, masini inalala. Ukishindwa, shiye wote tunaenda nyumbani. Alors miye na Feruzi tulikuwa tunakuacha ushinde."

Nikauliza wananiacha vipi.

"Ukigeuka ku ukuta, tunaelewana na macho. Siku moja uliacha mulango ya mashariki bila askari, jeshi yangu yote ilikuwa pale. Nikaipeleka ku pori." Alicheka kidogo, kwa mapenzi, kama mtu anayekumbuka wizi wa maembe. "Njo maana tulipenda Kikosi. Kule hakuna mutu wa kuacha. Kule tunacheza ya kweli."

Mwamini akauliza, "Mama, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, bila shaka," nikacheka, nikamwongezea Trésor pondu ambayo hakuiomba.

Wenzangu, nimewahi kuona aibu maishani. Nimeanguka kwenye matope mbele ya wanafunzi wangu. Lakini ile ya Jumapili ilikuwa aibu ya aina nyingine, aibu inayorudi nyuma na kuingia kila chumba ulichowahi kukaa ukiwa na furaha. Niliwaza minara ile isiyo na kazi. Niliwaza kufikiri kwake kwa muda mrefu, mpaka mikate inapoa. Kumbe hakuwa akitafuta njia ya kunishinda, aliiona mapema kabisa. Alikuwa akitafuta njia ya kutonishinda ambayo sitaitambua, na hiyo ndiyo kazi ngumu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi mtungi nilikuwa nimejaa tele, najiona bahari. Kisha nikamlipa kwa jina lile. Mpaka leo, alituambia bila uchungu, wanawake wa bandarini Barumbu wanamwita Jenerali, ila hawajui mkia wa jina.

Mwamini alikuwa bado ananitazama. Mtoto uliyemlea anaujua uso wako unapodanganya, na mimi uso ulikuwa umenishuka.

Baada ya chakula ni yeye aliyeleta kompyuta yake ya mapajani. Siku hizi michezo ile ya zamani inapatikana bure, imeshushwa na binamu zake, na Ngome ya pili ipo humo na muziki wake ule ule. Akasema tucheze watatu. Nilitaka kukataa. Nilitaka kusema nina madaftari ya kusahihisha. Badala yake nikamwambia Trésor, nikiangalia meza, kwamba leo asiniache. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Tukacheza. Nilijenga kama nilivyozoea, mnara mzuri kwanza, bustani ya majoka, mlango wa mashariki bila mtu kwa sababu sikuwahi kuhitaji mtu pale. Watoto wangu wadogo walitushangaa tukigeukia dirisha kila tukimaliza zamu, watu wazima kama walioadhibiwa. Kabla chai haijachemka ngome yangu ilikuwa ya Trésor. Alinitazama kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu. Macho yakanijaa machozi, mimi mwalimu, mama wa watoto, kwa ajili ya nyumba za rangi kwenye kioo.

Huwa tunawacheka watoto wa leo, na mimi ni wa kwanza. Tunasema hawana subira, hawana adabu ya zamu. Lakini nimemwona Mwamini akicheza kwenye simu na watu asiowajua, anapigwa na kuanza tena, anapigwa na kuanza tena, na baadaye anakula vizuri. Hakuna papa anayechoma petroli ili wengine wamwinamie. Enzi zetu zilikuwa tamu, sitazikana. Mikate ile haipo tena, papa hayupo tena, hata kengele za toleka zimefunikwa na kelele za pikipiki. Nazililia bado. Ila sasa najua utamu ule ulikuwa umetengenezwa na watoto wawili wenye njaa ya kucheza, nyuma ya mgongo wangu.

Trésor na Mwamini walikuwa wamebaki. Zamu ikawa ya Trésor, na mimi, kwa mazoea, nikageukia dirisha. Mwamini akasema, "Mama, weye umetoka. Unaweza kuangalia."

Ni kweli. Aliyetolewa hana jeshi la kuficha wala la kushambulia, kwa hiyo hageuki tena. Kwa kuwa sikuwahi kutolewa, sikuwahi kumwona Trésor akicheza. Nikageuka. Aliinama mbele ya kioo, vidole vyake vya mvuvi vikisogea taratibu, akawatuma wapanda farasi waende upande ambao sikutegemea, akawarudisha, akawaficha nyuma ya mlima. Kila hatua ilikuwa na sababu, na sababu ilionekana baadaye kidogo, ukashangaa ulikuwa wapi wewe. Lilikuwa jambo zuri sana kutazama.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Mwamini, sikujua."

Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kuona vizuri.