Kaseti ya Mama

Jana, nikipanga vitu vya marehemu mama kule Ilembo, nilifungua tochi yake, na harufu ya betri zilizovuja ikanipanda puani.

Utotoni mwangu, padri mmoja Mzungu alipohama alimwachia baba redio ya kaseti, na kaseti mbili za simfoni moja, muziki mrefu wa ala tupu, uliopigwa na bendi mbili tofauti. Baba aliisifu yake, iliyokwenda haraka. Mama aliipenda ile nyingine, ya polepole, kama watu waliobeba jeneza. Mwaka ule tulikuwa tumemzika mdogo wangu. Mchana tulianika betri za redio juani zipate nguvu. Jioni baba alipiga yake kwanza, ya mama ikafuata.

Siku moja baba mdogo alikuja kutoka Magamba na betri mpya. Baba akazitia, akaanza na kaseti ya mama. Ikaenda mbio kama ile yake. Kumbe siku zote ilipigwa betri zikiwa zimechoka.

"Umesikia?" baba akacheka. "Ulikuwa unalilia betri!"

"Shemeji ana huruma, hata betri anaziwekea matanga," akadakia baba mdogo, wakagonganisha viganja.

Mama alisema taratibu, "Basi, baba watoto, nirudishie zile za zamani."

Baba alizichukua akatoka nazo, tukazisikia zikitumbukia chooni. Akarudi, akaongeza sauti, akamwambia mama asikilize mpaka mwisho.

Mama alisikiliza. Upande ulipoisha aliinuka, akaitoa kaseti, akamkabidhi baba kwa mikono miwili.

"Sasa zote ni zako," alisema.